Andalio la Somo: Tarehe ya Ufundi wa Kufundisha kutoka Machakos hadi Syokimau

Syokimau, sehemu ya Machakos iliyopakana na jiji la Nairobi, imechukua jina la yule mtabiri mashuhuri wa Wakamba ambaye, kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, aliona kabla ya wakati wake nyoka mrefu atakayeikata nchi kutoka bahari moja hadi nyingine. Na reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, watu wakasema kwamba utabiri umetimia. Kwa miaka mingi baada ya hapo pahali hapa palibaki kuwa mbuga kavu ya malisho, hata nyumba zikaanza kuenea. Na tangu stesheni ya abiria ilipofunguliwa Novemba 2012, na kituo kikuu cha reli mpya mwaka 2017, makazi yamezidi kusongamana. Nyumba zilileta watoto, na watoto wakaleta shule.

Ukiingia katika chumba cha walimu cha shule ya sekondari mwanzoni mwa muhula, utawakuta walimu wameinama juu ya makaratasi ya namna tatu: maazimio ya kazi, ambayo huigawa silabasi kwa majuma, andalio la somo, ambalo huyagawa majuma kwa vipindi na vipindi kwa dakika, na rekodi ya kazi, ambayo hushuhudia kilichofundishwa. Andalio lina nafasi ya tarehe, kidato, idadi ya wanafunzi, mada, shabaha, vifaa, marejeo, na hatua za somo zilizopimwa hadi zitimie dakika arobaini, na chini kabisa, baada ya yote hayo, pana mstari mmoja au miwili iliyoandikwa “Maoni.” Aghalabu nafasi hiyo ya mwisho huachwa tupu, au hujazwa kwa maneno mawili: somo lilifaulu. Madhumuni ya makala haya ni kueleza asili ya makaratasi hayo, na kuonyesha kwamba tarehe nzima ya kuboresha ufundishaji katika nchi hii imo katika mstari ule unaoachwa mtupu.

Mpango wa somo wenye hatua haukuzaliwa Afrika. Mwanafalsafa wa Kijerumani Johann Friedrich Herbart, aliyefariki mwaka 1841, alifundisha kwamba akili hupokea jambo jipya kwa kuliunganisha na yale inayoyajua tayari; wafuasi wake, akina Tuiskon Ziller na Wilhelm Rein, wakaigeuza fikra hiyo kuwa hatua tano za kufuatwa: kutayarisha, kuwasilisha, kulinganisha, kujumlisha na kutumia. Hatua hizo zikaenea katika vyuo vya ualimu vya Uingereza na Marekani, na kutoka huko zikasafiri na wamisionari na maofisa wa elimu hadi makoloni. Ilikuwa fikra njema, lakini ilipofika ilikuwa imekwisha kukauka na kuwa kanuni, na mwalimu akatakiwa aifuate kabla hajaulizwa wanafunzi wake wanajua nini.

Machakos ni miongoni mwa pahali pa mwanzo katika bara la Kenya ambapo kanuni hizo zilijaribiwa. Shule ya serikali ilianzishwa pale mwaka 1915, wakati elimu ya Waafrika ilipokuwa karibu yote mikononi mwa misheni. Na huko Kabaa, katika wilaya ile ile, Padri Michael Witte wa Shirika la Roho Mtakatifu akaanzisha katika miaka ya 1920 ile shule ambayo baadaye ilihamia Mang'u na kupata sifa nchini kote. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa Mwafrika msomi James Aggrey wa Gold Coast, ilizuru Afrika Mashariki ikihimiza elimu inayoambatana na maisha ya vijijini: kilimo, afya na ufundi wa mikono.

Tunda la tume hiyo linalotuhusu zaidi ni Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925 chini ya J. W. C. Dougall na kupewa jina la Anna T. Jeanes wa Philadelphia, ambaye mali yake ilisaidia shule za mashambani za watu weusi wa Marekani. Walimu waliochaguliwa walikwenda kukaa huko pamoja na wake zao, kisha wakarejea makwao, si kufundisha darasa moja, bali kuzizungukia shule kadhaa za vijijini, kumtazama mwalimu akifundisha, kukaa naye baada ya kipindi, kumwonyesha njia nyingine, na kurudi tena siku nyingine kuona imekuwaje. Inafaa kuyakosoa mengi katika siasa ya elimu ya zama zile, ambayo haikutaka Mwafrika asome sana. Lakini insafu yatulazimu kukiri kwamba katika jambo hili la mwalimu kumzuru mwalimu mwenziwe palikuwa na busara ambayo shule zetu za sekondari zilichelewa mno kuiiga.

Kwa maana elimu ya sekondari ilipoanza kukua, ilikua chini ya kivuli cha mtihani. Kutoka Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, hadi shule za Machakos, kilele cha kazi yote kilikuwa cheti cha Cambridge, na maswali yake yalitungwa na watu ambao hawakupata kuiona Athi wala kuisikia mvua ya vuli ikikawia. Silabasi ya mtahini ikawa ndiyo mtaala, na maazimio ya kazi yakawa hesabu ya majuma yaliyosalia kabla ya mtihani. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilisisitiza usimamizi na ukaguzi wa shule. Lakini mkaguzi alikuja na kuondoka, na aghalabu mwalimu alimwandalia makaratasi safi ilhali desturi ya darasani ikabaki ile ile.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari 151, zenye wanafunzi wapatao 30,000. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka elimu ijenge taifa moja, nao wananchi hawakungoja: Ukambani, kama kwingineko, wazazi walichanga fedha, wakafyatua matofali, wakainua shule za harambee. Hima ya watu ilikuwa kubwa kuliko idadi ya walimu waliosomea kazi hiyo, na vijana wengi waliomaliza kidato cha nne walisimamishwa mbele ya wenzao wa kidato cha kwanza wakiwa na chaki na kitabu kimoja tu. Mwaka 1968 sheria ya elimu iliipa nchi Taasisi ya Elimu ya Kenya, ili mitaala itungwe nyumbani.

Hata hivyo kutunga nyumbani hakukuwa sawa na kutunga pamoja na mwalimu. Mfano ulio dhahiri ni ule wa hisabati mpya, iliyotokana na vikao vilivyoanza Entebbe mwaka 1962, ambapo wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika waliandika vitabu vya seti na miundo ya namba. Wataalamu wale walikuwa hodari, lakini walimu wengi waliokabidhiwa vitabu hivyo walikuwa hawajapata kujifunza hesabu ya namna ile, na wazazi hawakuweza kumsaidia mtoto nyumbani. Malalamiko yakazidi hata mwaka 1981 Rais Moi akaamuru hisabati hiyo iondolewe. Kinyume chake ni mkutano wa mwaka 1974 uliofanyika katika Shule ya Nairobi, ambapo walimu wa sekondari na wahadhiri wa chuo kikuu walikaa baraza moja kushauriana jinsi ya kufundisha fasihi ya Afrika. Fikra ya kwamba mtoto wa Kiafrika aanze na fasihi yake haikufa kwa amri ya mtu, kwa kuwa waliopaswa kuitekeleza walikuwapo ilipojadiliwa.

Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4, uliopendekezwa na tume ya Mackay mwaka 1981, ukaanza Januari 1985, na kutahiniwa kwa mara ya kwanza katika sekondari mwaka 1989. Masomo yalikuwa mengi, vifaa vichache, na matokeo ya hisabati na sayansi yakawa duni kwa muda mrefu. Ndipo mwaka 1998 serikali za Kenya na Japani zilipoanzisha mradi wa kuimarisha masomo hayo katika sekondari, unaojulikana kwa jina la SMASSE, nao ukajaribiwa kwanza katika wilaya chache. Mojawapo ilikuwa Makueni, iliyokuwa imetengwa na Machakos mwaka 1992 tu.

Mradi huo ulianza kwa kuwatazama walimu darasani, nao ukakuta kwamba mwalimu alisema na wanafunzi wakanakili, majaribio yalikuwa nadra, na walimu wa somo moja hawakuzungumza juu ya kazi yao. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa na maneno manne ya kila siku: panga, tenda, tazama, boresha. Mwalimu wa kemia asiyekuwa na kemikali za maabara alifundishwa kuponda petali nyekundu za haibiskasi katika maji ya moto kidogo, kuchuja rangi yake, na kuwaachia wanafunzi wenyewe waitie katika maji ya ndimu na katika maji ya magadi. Katika ndimu rangi huwa nyekundu ya kung'aa, katika magadi hugeuka kijani, na mtoto aliyeona kwa macho yake hahitaji kukaririshwa maana ya asidi na besi. Mwalimu mwenzake alikaa nyuma ya darasa na kalamu, akiandika, si kwamba mwalimu alisimama wima na kuvaa vyema, bali ni wanafunzi gani walielewa, wapi walikwama, na kwa nini. Baada ya kipindi walikaa pamoja, wakalitengeneza somo upya. Yaani waliujaza ule mstari wa “Maoni.”

Desturi hiyo ya walimu kulichunguza somo pamoja Wajapani wameishika tangu karne ya 19, lakini haikuwa ngeni Ukambani. Kule Wamunyu, sanaa ya kuchonga vinyago, ambayo husimuliwa kwamba Mutisya Munge aliipata kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilienea nyumba kwa nyumba kwa fundi kukaa ubavuni mwa fundi, kila mmoja akitazama mkono wa mwenziwe.

Leo mtaala wa umilisi, ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2017, umefika sekondari: kundi la kwanza liliingia Gredi ya 7 Januari 2023, na sekondari ya juu imegawanywa katika mikondo mitatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Makaratasi yamebadilika sura tena, na mwalimu sasa hupimwa pia kwa fomu za tathmini ya utendakazi. Fomu hizo zaweza kumfaa mwalimu au kumchosha. Yategemea kama atapata mtu wa kuzisoma pamoja naye.

Basi hukumu yetu ni hii: karne nzima ya ripoti na tume haijapata kuboresha somo hata moja ila pale mwalimu alipopewa mwenzi wa kumtazama, na wakati wa kurudi kwenye andalio lake. Walimu wakuu wa Syokimau, wa shule za umma na za binafsi, wanaopanga ratiba kila Januari, tunawasihi watenge ndani ya ratiba hiyo kipindi kimoja kwa juma, kisichoingiliwa na mkutano wala mtihani, ambapo walimu wa idara moja watakaa pamoja na kuandika kwa ukweli chini ya neno “Maoni.” Jambo hilo halihitaji fedha ya mfadhili wala idhini ya wizara, lahitaji dakika arobaini na nia safi.