Sungura wako anaharisha: angalia kinyesi kabla ya kununua dawa

Kama unafuga sungura Abuku, Lobule, Rhino Camp au Imvepi, unajua faida yake: anaingia kwenye kiwanja kidogo, anakula nyasi ambazo hazinunuliwi, na jike anazaa baada ya siku 31 hivi za mimba. Unajua pia kwamba watoto waliokua vizuri wakiwa na mama yao wanaweza kufa mmoja baada ya mwingine wakishaachishwa kunyonya. Mara nyingi kinachowaua ni tumbo, na mara nyingine ni dawa waliyopewa kulitibu hilo tumbo.

Anza kwa kuangalia kinyesi. Sungura ana aina mbili, na zote mbili ni za kawaida. Ya kwanza ni vile vidonge vya duara, vikavu, unavyoviona kila asubuhi chini ya kibanda. Ya pili ni laini, nyeusi, yenye kung'aa na kushikana kama mbegu za papai. Hii hutoka zaidi usiku au alfajiri, na sungura huinama akaila moja kwa moja. Usimzuie, maana ndivyo anavyopata vitamini na protini ambazo tumbo lake limetengeneza. Ukikuta imebaki sakafuni au imegandamana na manyoya ya nyuma, sungura bado haharishi. Ni dalili kwamba anapata pumba nyingi na nyasi kidogo, au amenenepa kiasi cha kushindwa kujifikia. Punguza pumba, ongeza nyasi, kisha mwangalie kwa siku chache.

Kuharisha kwenyewe ni tofauti: hakuna vidonge tena, kuna maji au uji, manyoya ya nyuma yamelowa, na sungura amejikunyata. Akisaga meno, tumbo likawa limejaa na kinyesi kikawa kama ute wa yai, hali ni mbaya. Mtoto wa wiki 5 anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Chakula kwanza

Utumbo wa sungura umejaa vijidudu vizuri vinavyovunja nyasi. Vinahitaji nyuzinyuzi, na havipendi mabadiliko ya ghafla. Ukimpa leo kabeji nyingi kwa sababu zimekuwa rahisi sokoni, au mabaki ya posho, kesho utaona matokeo. Nyasi ziwe sehemu kubwa ya chakula kila siku. Matembele na lengalenga mpe kidogo, na ukitaka kuleta chakula kipya, kichanganye na cha zamani kwa siku 7 hadi 10.

Wakati wa mvua usikate majani yenye umande ukayatia kibandani yakiwa yamelowa. Yatandaze kivulini mpaka yanyauke, na usiyarundike, yasije yakapata moto na kuoza. Pumba zenye ukungu tupa. Usiwape hata kuku. Majani mabichi ya muhogo, yale ya kupikia sombe, yana sumu, na ya parachichi pia ni hatari kwa sungura.

Koksidia, adui wa watoto

Chakula kikiwa sawa na watoto wa wiki 4 hadi 12 bado wanaharisha, fikiria koksidia. Ni vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa kwenye utumbo, na aina moja hukaa kwenye ini. Sungura mkubwa anaweza kuvibeba bila kuonyesha lolote huku akiwaambukiza watoto kupitia kinyesi. Dalili ni kuhara, pengine kwa damu, tumbo kubwa na mgongo uliokonda. Ukichinja ukaona madoa meupe kwenye ini, huenda ugonjwa huo umo kibandani kwako: zika ini hilo, kisha mweleze afisa mifugo ulichokiona.

Koksidia za sungura hazimwambukizi binadamu wala kuku. Hata hivyo kinyesi cha kuhara kinaweza kubeba vijidudu vingine, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni, watoto hasa.

Mayai ya vimelea hivi yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji kama siku 2 au zaidi kwenye unyevu ili yakomae. Hapo ndipo una nafasi. Ukifagia kila siku, unayatoa kabla hayajawa hatari. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi na iwe na mianya ya kupitisha kinyesi, iwe ya waya au ya mianzi. Dawa nyingi za kuua vijidudu, Jik ikiwemo, haziyaui mayai haya. Maji yanayochemka yanayaua, na jua kali la kiangazi linasaidia sana, kwa hiyo toa mbao na vyombo uvianike. Nyasi usizikate mahali unapomwaga samadi ya sungura.

Akishaharisha, ufanye nini

Mtenge. Ondoa pumba na majani mabichi, mwachie nyasi kavu na maji safi. Usimnyime chakula ili tumbo lipumzike, kama wengi tunavyofanya kwa wagonjwa wetu: sungura asiyekula kwa nusu siku yuko hatarini. ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyosema unaweza kumwekea karibu na maji ya kawaida, au kumdondoshea kidogo kidogo pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Usimpe amoksilini wala ampisilini ya kumeza, hata kama imebaki nyumbani na hata kama jirani anaapa ilimponya wake. Dawa hizo huua vijidudu vizuri vya utumbo, vibaya vinajaa na kutoa sumu, na sungura anakufa siku chache baadaye huku mwenyewe akidhani ni ule ugonjwa wa kwanza. Sindano ya ivermektini inayotibu upele nayo haitibu koksidia. Zinazotibu ni kama amproliamu na dawa za salfa, zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya kuku. Kipimo cha kuku usikikisie kwa sungura. Nenda kwa afisa mifugo wa subkaunti au ofisi ya mifugo ya wilaya ukiwa na kinyesi kibichi kwenye mfuko safi, na useme umri wa sungura, wangapi wanaumwa na wamekula nini wiki hii. Uliza pia ni siku ngapi zipite baada ya dawa kabla nyama haijaliwa.

Sungura mpya kutoka sokoni akae peke yake siku 14, na umhudumie wa mwisho, baada ya wale wa nyumbani.