Ng'ombe na Faru wa Laikipia

Katika nyanda za Laikipia nchini Kenya, magharibi ya Mlima Kenya, liko shamba la mifugo la Ol Pejeta, lenye eka zipatazo 90,000. Humo maelfu ya ng'ombe wa aina ya Boran huchungwa penye simba na faru.

Historia ya ardhi hiyo ni chungu. Kwa mkataba wa mwaka 1904, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaondoa Wamasai katika Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, na baadhi yao wakapelekwa Laikipia kwa ahadi kwamba hiyo ingekuwa yao daima. Daima hiyo ilidumu miaka saba. Mkataba wa mwaka 1911 uliwaondoa huko nako. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa. Ndipo nyanda hizo zikawa mashamba ya ng'ombe ya walowezi, Ol Pejeta likiwemo.

Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000. Majangili waliwaua hata mwishoni mwa miaka ya 1980 wakabaki chini ya 400. Kwa hiyo mwaka 1988 sehemu ya shamba hilo ilitengwa iwe hifadhi ya faru, na mwaka 2004 shamba zima likanunuliwa na shirika la Fauna & Flora International. Madai ya Wamasai hayakujibiwa na ununuzi huo.

Ng'ombe hawakufukuzwa. Usiku hulazwa katika mazizi ya vyuma yanayohamishika. Zizi likiondolewa, samadi huotesha majani mateke yanayopendwa na swala na pundamilia. Ng'ombe huogeshwa dawa, na kupe hupungua.

Ulinzi ni kazi ya askari wa akiba wa polisi wenye silaha, wanaofanya doria usiku na mchana pamoja na mbwa. Faru weusi wamepita 100.

Lakini mwaka 2009 waliletwa pia faru weupe wa kaskazini wanne kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika Jamhuri ya Czech. Sudan, dume la mwisho la jamii hiyo, alilindwa kwa bunduki kila saa, na jangili hakumfikia. Alikufa kwa uzee tarehe 19 Machi, 2018. Wamebaki majike wawili tu, Najin na mwanawe Fatu, na wataalamu wanajaribu kupandikiza mimba za jamii hiyo kwa majike wa faru weupe wa kusini.