Barua ya rais kwa binti mmoja

Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya MONUSCO pale Semuliki, upande wa Beni, ilishambuliwa, na askari 15 wa Tanzania wakapoteza maisha. Sisi wa Uvira hatuwezi kuwaita wageni. Tangu vita vya 1996 ndugu zetu wengi wa Uvira na Fizi wamevuka ziwa na kupokelewa mkoani Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu. Nchi iliyowapokea watoto wetu iliwatuma wake, wakafia kwetu. Rais John Magufuli alituma rambirambi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza watu kuaga miili Dar es Salaam. Hiyo ni heshima. Lakini bendera ikishakunjwa, nani hubisha hodi nyumbani?

Tumekumbuka habari ya Marekani, Desemba 1862. Jeshi la Rais Abraham Lincoln lilikuwa limeshindwa vibaya Fredericksburg. Zaidi ya 12,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Katika mwezi huohuo William McCullough, karani wa mahakama ambaye Lincoln alimfahamu tangu enzi za uwakili wake Illinois, aliuawa vitani Mississippi. Binti yake Fanny akazidiwa na huzuni, akajifungia chumbani.

Tarehe 23 rais alimwandikia yeye mwenyewe. Hakumhubiria habari za taifa wala ushindi. Alimwambia kwamba wakati ndio utakaomletea nafuu, ingawa kwa sasa hawezi kuamini, na kwamba anayemwandikia ameyapitia. Kweli aliyapitia: mwezi wa Februari mwaka uleule mwanawe Willie, mwenye miaka 11, alikufa Ikulu. Barua haikuandikwa kwa ajili ya magazeti. Ilikuwa ya Fanny.

Tusimfanye malaika. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatuma watu vitani, na wino haukumrudisha baba. Hata Daudi, aliyeomboleza vizuri kuliko wafalme wote, aliandika barua iliyomuua Uria.

Ila Daudi huyohuyo alifanya jambo ambalo sisi hulisoma haraka mno (2 Samueli 4 na 9). Habari za kufa kwa Yonathani zilipofika, mwanawe Mefiboshethi alikuwa na miaka 5. Yaya akambeba akikimbia, mtoto akaanguka, akawa kiwete. Habari tu ya vita ilimvunja miguu. Miaka ikapita, akawa mtu mzima mwenye mtoto wake, akikaa Lo-debari kwa watu. Ndipo mfalme akauliza kama amebaki yeyote wa nyumba ile, akamwita kwa jina, akamrudishia mashamba ya Sauli na kumweka mezani pake siku zote.

Huku kwetu mjane wa mwanajeshi hupata watu wengi siku za kilio: waimbaji, akina mama, wachungaji. Baadaye mikeka hukunjwa, naye hubaki na watoto, akizunguka ofisi hadi ofisi na karatasi za marehemu. Mwezi wa tatu hakuna anayepita.