Kumbukumbu za Kilosa, Kutoka Kitabu cha Wilaya hadi Winguni

Waingereza walipoitwaa Kilosa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliipata nchi wasiyoijua. Maofisa wao walihamishwa mara kwa mara, na kila aliyeondoka aliondoka na aliyoyajua. Kwa hiyo wilaya za Tanganyika ziliwekewa Kitabu cha Wilaya, na kile cha Kilosa kilikusanya habari za wenyeji kama Wasagara na Wakaguru. Habari zilipangwa kwa mada: makabila, utawala, ardhi. Aliyetafuta jambo alilazimika kwanza kujua mada yake. Vitabu hivyo vilipopigwa picha kwenye mikrofilamu baadaye, nakala zilifuata mpangilio uleule, ukurasa baada ya ukurasa.

Karatasi iliyo mahali pamoja huangamia pamoja na mahali hapo. Desemba 2009 Mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukaharibu reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Julai ya mwaka huohuo kebo ya intaneti ya baharini ya Seacom ilikuwa imefika Dar es Salaam. Mambo hayo mawili hayahusiani, ila la pili ndilo lililorahisisha kuweka nakala winguni, mbali na mto.

Huduma za wingu za mwanzo ziliiga kabati la ofisi. Dropbox ya 2008 na Google Drive ya 2012 zilionyesha folda ndani ya folda. Google Photos ya 2015 ikatanguliza tarehe. Wapo wanaosema sababu ni udogo wa kioo cha simu. Hoja hiyo ina uzito, lakini naona ya pili ina nguvu zaidi: hakuna anayezipa majina picha elfu moja, ilhali simu huandika saa ya kila picha yenyewe.

Ndiyo maana picha ya tembo iliyopigwa asubuhi Mikumi, mahali mtandao ulipokuwa hafifu, ikipanda winguni usiku hukaa kwenye asubuhi yake. Saa ya simu ikikosea, tembo huyo atatokea mwaka mwingine kabisa! Albamu nayo haibebi picha, huielekezea tu, hivyo picha moja yaweza kuonekana katika albamu tatu bila kurudufiwa. Wengi hawalijui hili: picha iliyokwisha kuhifadhiwa, ukiifuta ndani ya Google Photos kwenye simu, hufutwa na winguni pia. Hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha huondolewa moja kwa moja.