Mjane wa Askari na Mzigo wa Ushahidi: Mafunzo ya Historia

Utangulizi

Malipo ambayo familia za askari waliokufa vitani zinastahili kupewa huzungumzwa mara nyingi kama jambo la fedha tu: kiasi gani, kutoka mfuko upi, kwa miaka mingapi. Katika makala hii tunakusudia kulitazama jambo hilo kwa upande mwingine. Tutajaribu kuonyesha kwamba, katika historia ya majeshi yaliyowatumia Waafrika, dhuluma haikuanzia kwenye kiasi cha malipo. Ilianzia kwenye swali linalotangulia malipo: ni nani anayepaswa kuthibitisha kwamba marehemu alitumika jeshini, na kwamba huyu aliyebaki nyuma ndiye mjane wake au mwanawe?

Tutachukua mifano mitatu. Wa kwanza ni wa wapagazi wa Waingereza katika Afrika Mashariki, wa pili ni wa askari waliowatumikia Wajerumani katika nchi hizohizo, na wa tatu ni wa askari wa makoloni ya Ufaransa. Mwishoni tutaitazama Kongo yetu, ambako swali hili si la historia peke yake.

1. Askari na mpagazi

Neno «askari» lilitufikia kutoka Kiarabu, na katika vita vya 1914-1918 lilikuwa na maana iliyo wazi: mtu mwenye bunduki, sare na nafasi katika kikosi. Kando yake alikuwapo mpagazi. Tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya nchi hizo haikuwa na barabara za magari, na kwamba mbung'o waliwaua ng'ombe, punda na farasi wa mizigo. Kwa hiyo risasi, chakula na dawa vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Kusini, katika Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, watu hao waliitwa tengatenga. Katika maeneo ya Waingereza kaskazini waliwekwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na jina hilo, likipita katika vinywa vya wasemaji wa Kiswahili, likawa Kariakoo. Leo ni jina la mtaa na soko mashuhuri la Dar es Salaam, na Nairobi nako kuna Kariokor. Majeshi ya Force Publique yaliyoiteka Tabora mnamo Septemba 1916 nayo hayangefika huko bila wapagazi. Katika vita vyote hivyo Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya 200,000.

Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba idadi ya kweli inakaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi ya mvua na chakula kisichowafaa. Hapa ndipo tofauti ya maneno mawili ilipogeuka kuwa tofauti ya haki. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara njiani hakuhesabiwa sawasawa na askari aliyeanguka akiwa na bunduki mkononi, ingawa wote wawili walichukuliwa na dola moja kwa ajili ya vita vimoja.

Mishahara ya wapagazi waliokufa ilibaki katika hesabu za serikali kama fedha zisizo na mdai. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, alitaka fedha hizo ziwafikie waliostahili, lakini kwa sehemu kubwa hazikuwafikia warithi. Jibu la serikali lilikuwa kwamba warithi hawapatikani: majina yaliandikwa vibaya, yalifanana, na vijiji havikutajwa kwa usahihi. Msomaji atatambua kasoro ya jibu hilo. Mkuu wa wilaya aliyetumwa kutafuta vijana wa kubeba mizigo aliwapata, kijiji kwa kijiji, kwa kuwatumia machifu. Na mara tu baada ya vita, serikali ya Kenya iliweza kuwaandikisha wanaume Waafrika na kuwavalisha kipande shingoni ili wasitoroke kazi za walowezi. Uwezo wa kuandika majina ulikuwapo. Kilichokosekana ni nia ya kuyaandika kwa faida ya mwenye jina.

Makaburi yanashuhudia hayohayo. Tume iliyoundwa na Waingereza mwaka 1917 kwa ajili ya makaburi ya vita ilisimama juu ya kanuni kwamba wafu wote ni sawa, wakubwa kwa wadogo. Lakini katika Afrika Mashariki wapagazi wengi hawakupewa kaburi wala jina. Walipewa sanamu: Dar es Salaam na Mombasa mwaka 1927, Nairobi mwaka 1928. Maandishi ya sanamu ya Nairobi yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na kuahidi kwamba jina la aliyekufa litakumbukwa na wanawe. Ahadi hiyo iliwaachia watoto kazi ambayo serikali yenyewe ilikataa kuifanya. Mnamo Aprili 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Kwa wajane, radhi hiyo ilichelewa miaka 100.

2. Mtihani wa ufagio

Mfano wa pili ni mfupi, lakini una fundisho lake. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mishahara ambayo hawakuwa wamelipwa tangu vita viishe. Husimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na cheti. Mtumishi wa benki aliyeleta fedha akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Simulizi hii hupendwa kwa sababu inachekesha na inawapa wazee heshima. Lakini tuitazame tena kwa macho ya familia. Mzee aliyeokoka vitani aliubeba ushahidi katika mwili wake: mikono yake ilikumbuka amri. Mjane wa yule aliyeanguka angeonyesha nini? Hakujifunza kushika bunduki, hajui Kijerumani, na mumewe hakurudi na cheti. Mtihani uliowafaa walio hai uliwafungia mlango wa waliokufa. Ndivyo ilivyo mara nyingi: malipo ya vita humfikia yule awezaye kusimama mbele ya meza akajieleza, na aliyetoa zaidi, yaani uhai wake, hana wa kusimama mahali pake isipokuwa mtu ambaye jeshi halimjui.

3. Kugandisha pensheni

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya yalitokana na ukosefu wa sheria. Mfano wa Ufaransa unaonyesha kwamba sheria nzuri inaweza kuwapo na bado isimfikie kila mtu. Sheria ya Machi 31, 1919 iliwapa walemavu wa vita, wajane na yatima haki ya kufidiwa, na ikaleta jambo kubwa: jeraha au ugonjwa ulioonekana wakati wa utumishi ulichukuliwa kuwa umetokana na utumishi, mpaka serikali ithibitishe vinginevyo. Kwa maneno mengine, mzigo wa ushahidi ulihamishwa kutoka begani mwa askari ukawekwa begani mwa serikali iliyomtuma.

Lakini askari wa makoloni hawakulipwa kwa kiwango kimoja na Wafaransa, na makoloni yalipokaribia uhuru tofauti hiyo ilizidi. Kifungu cha 71 cha sheria ya fedha ya Desemba 26, 1959 kilibadili pensheni za raia wa nchi zilizokuwa chini ya Ufaransa kuwa posho za mwaka zisizopanda bei ya maisha inapopanda. Wafaransa wenyewe waliuita mpango huo kugandisha. Posho hizo zilihesabiwa kuwa za mtu binafsi, kwa hiyo mara nyingi haki ilizikwa pamoja na askari, na mjane wake akarudi mikono mitupu.

Askari wastaafu 743 wa Senegal walipeleka malalamiko yao mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya Ufaransa ilijitetea, pamoja na mambo mengine, kwa kusema kwamba ni vigumu kuhakikisha utambulisho na hali ya familia za wastaafu walioko Afrika. Mwaka 1989 Kamati ilikataa. Ilisema kwamba pensheni ilitolewa kwa sababu ya utumishi uliokwisha kutolewa, wala si kwa sababu ya uraia, na kwamba usumbufu wa ofisi au hofu ya udanganyifu haviwezi kuwa sababu ya kuwatendea watu bila usawa. Mwaka 2001 Conseil d'État ilitoa hukumu ya kupinga ubaguzi huo katika kesi ya Diop, na Mei 28, 2010 Baraza la Katiba la Ufaransa, katika kesi iliyoletwa na warithi wa askari wa Algeria, likabatilisha vifungu vilivyombagua mtu kwa uraia wake. Usawa kamili ulianza Januari 1, 2011. Kati ya 1959 na 2011 ni miaka zaidi ya 50, na mjane wa vita vya 1939-1945 hangeweza kuingoja.

Kwa askari wa Thiaroye, waliouawa karibu na Dakar na jeshi la Ufaransa lenyewe Desemba 1, 1944 walipodai malimbikizo ya mishahara yao, utambuzi ulikuja kwa kuchelewa zaidi: mwaka 2024 ndipo 6 kati yao walipotajwa rasmi kuwa wamekufa kwa ajili ya Ufaransa.

4. Na Kongo?

Mnamo Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimpa nishani mjini Kinshasa koplo Albert Kunyuku, mmoja wa Wakongo waliotumika Burma katika vita vya pili. Ilikuwa heshima iliyostahili. Lakini nishani, kama ufagio wa Mwanza, ilimpata aliyeishi muda mrefu.

Jeshi letu nalo limepitia suala la daftari. Tangu 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia kuwahesabu askari kwa alama za vidole na kutenganisha njia ya mishahara na njia ya amri, ili mkubwa asiwapokelee wadogo wake. Majina ya askari hewa yalipungua. Sheria ya Januari 15, 2013 iliweka hadhi ya askari. Hatua hizo ni za kusifiwa. Hata hivyo kumhesabu askari si kuihesabu familia yake. Tangu enzi za Force Publique askari wa Kongo amezoea kuishi kambini na mkewe na watoto. Anapokufa, nyumba ni ya jeshi, na mjane hutakiwa kuleta cheti cha kifo kilichotukia mbali, hati ya ndoa na vyeti vya watoto. Sheria yetu ya familia inataka ndoa ya kimila iandikishwe kwenye ofisi ya serikali, ila wengi hawaandikishi, wala askari anayehamishwa kutoka mkoa hadi mkoa hana nafasi ya kufanya hivyo. Hivyo mwanamke aliyetolewa mahari mbele ya koo mbili, akamfuata mumewe kutoka kambi hadi kambi, huambiwa kwamba hajulikani.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii tunaona kwamba haki ya familia ya marehemu husimama juu ya mambo matatu. Kwanza, yeyote aliyechukuliwa na jeshi kwa kazi ya vita ahesabiwe kuwa mtu wa jeshi, awe na bunduki au mzigo. Pili, jina la mke na ya watoto yaandikwe siku ile askari anapoingia jeshini na kila anapohamishwa, wala isingojewe siku ya msiba. Tatu, pale ambapo maandishi yamekosekana, ushuhuda wa majirani wa kambini na wa wazee wa ukoo upokelewe, na serikali ndiyo ithibitishe kwamba madai si ya kweli.

Huenda ikasemwa kwamba njia hiyo itawafungulia mlango wadanganyifu. Watakuwapo wachache. Lakini historia tuliyoipitia haikutuonyesha hazina iliyofilisiwa na wajane wa uongo. Imetuonyesha hazina zilizobaki na fedha za wajane wa kweli. Dola iliyojua njia ya kumfikia kijana kijijini kwao ilipomhitaji haiwezi kudai, baada ya kifo chake, kwamba imeisahau njia ya kumfikia mkewe.