Mama wa Chetambe Apande Jukwaani

Agosti 1895, Mwingereza C. W. Hobley aliwavamia Wabukusu akiwa na askari wa Kisudani, bunduki ya Maxim, na vikosi vya Waganda, Wawanga na Wamaasai. Ngome ya Lumboka, karibu na mji wa Bungoma wa leo, ilipoanguka, mapigano yakahamia Chetambe, kilimani juu ya Webuye. Ngome ya Chetambe ilikuwa ukuta wa udongo wenye handaki, na ndani yake mlikuwa na akina mama na watoto wao. Ilipovunjwa, waliosalia wakachukuliwa mateka.

Hobley aliandika kitabu, kwa hiyo jina lake tunalo. Mama aliyekuwa nyuma ya ukuta ule hatajwi kwa jina tunapohadithiwa vita hivyo. Kwa upande wetu, historia imetunzwa kwenye kumuse. Baada ya mazishi, mzee wa ukoo wenye idhini hiyo huzunguka mbele ya umati, fimbo mkononi, akisimulia Wabukusu walikotoka na vita walivyopigana. Watu hunyamaza kimya. Hilo ndilo jukwaa kongwe la Bungoma, nami naliheshimu sana. Ila anayesimama pale ni mwanamume.

Kumbukumbu ya Chetambe imewahi kuitia serikali ya kikoloni hofu. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwapandisha maelfu ya wafuasi kilimani kuwaenzi waliouawa. Februari 1948 polisi wakaua wafuasi wake 11 Malakisi, na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Hakuogopwa bure: watu walikuwa wameanza kuwataja wafu wao hadharani.

Wengine wana mashujaa wao wa kike wenye majina. Pwani wanaye Mekatilili wa Menza, aliyehamishiwa Kisii, akatoroka na kurudi kwao Giriama kwa miguu. Kisii nao wanaye Moraa. Sisi tusingoje jina ndipo tuandike mchezo kuhusu mama wa Chetambe. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, katika mchezo wao wa 1976 kuhusu kesi ya Kimathi wa Mau Mau, walimwita shujaa wao Mwanamke tu. Anapita mbele ya askari akiwa na bunduki ndani ya mkate, na mtazamaji hamsahau.

Walimu wa drama wa Bungoma wanaweza kufanya vivyo hivyo. Wakimaliza, waulete mchezo huo Kitale, kwenye makumbusho yenye nyumba za jadi za jamii zetu, kwa kuwa Wabukusu wengi wa Trans Nzoia ni wajukuu wa watu wa ngome zile.

Naomba jambo moja: mama huyo apewe fimbo, azunguke kama msimulizi wa kumuse. Wapo wazee watakaokataa, na wana haki ya kusikilizwa, maana kazi ile hurithiwa. Lakini hapa hapana kaburi wala matanga, ni jukwaa. Aanze na usiku ule wa kusubiri Maxim: watoto aliwalaza wapi, maji yalibaki kiasi gani, nani alikuwa akilia.