Magurudumu matatu ya mzee asiyetembea

Pikipiki ya kawaida inadai miguu miwili: mmoja wa kubadilisha gia, mwingine wa kukanyaga breki. Mzee aliyepooza tangu utoto haiwezi.

Huko Kinshasa walemavu walitafuta njia yao. Mafundi walichomelea vyuma, wakaongeza gurudumu la tatu na kuleta vyote mkononi. Wengine wakafunga injini ya pikipiki. Tangu miaka ya 1970, wengi walivusha bidhaa kwa vigari hivyo kutoka bandari ya Ngobila hadi Brazzaville, wakipunguziwa ushuru. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili, waliopata sifa duniani mwaka 2009 kwa albamu Très Très Fort, walitembelea vigari hivyohivyo, akiwemo mkubwa wao, Papa Ricky Likabu. Wengi wao walipooza kwa polio.

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za walemavu nchini. Lakini familia zilizofika Lukafu zikikimbia vita zinajua: siku ya kukimbia, mzee asiyetembea hungojea mgongo wa mtu. Mwenye magurudumu yake huondoka pamoja na wenzake.